Mbwa wa Boma na Meno Yake

(Mazungumzo yaliyotolewa na kamati ya mifugo ya parokia mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)

Tunajua wengine mmetoka mbali, na wengine mlishangaa mliposikia katika matangazo ya kanisa kwamba leo hatuzungumzi juu ya mbuzi wa maziwa, wala matuta, wala tangi la maji, bali juu ya mbwa. Mama mmoja alituuliza pale mlangoni, "Na mbwa naye anahitaji semina?" Tukacheka naye. Lakini mama huyo, kama wengi wenu, anakumbuka pesa za kikundi zilikwenda wapi mwaka ule.

Tuanzie hapo, kwa sababu tuna deni la kuwaambia ukweli.

Boma la mwanachama wetu mmoja lilikuwa na mbwa aitwaye Simba. Alinunuliwa sokoni akiwa mdogo sana, akatolewa katika katoni akiwa bado anamlilia mama yake. Mwenye boma alikuwa ameibiwa mbuzi wawili, akataka mbwa mkali. Alikuja kwetu sisi kamati kuomba ushauri, nasi tukampa ule tuliopokea kwa baba zetu: mfunge mnyororo mchana kutwa ili asizoee watu, mfungulie usiku, mtu asimchezee, na akimngurumia mtu wa nyumbani mchape mpaka ajue mkubwa ni nani. Kuna aliyeongeza kwamba apewe pilipili katika ugali. Hilo nalo tulilisikia na hatukulipinga.

Simba akakua, akawa mkali kweli, na sisi tukajisifu. Kila aliponguruma alipata fimbo. Baada ya fimbo nyingi akaacha kunguruma, na sisi tukadhani ameshika adabu. Jioni moja mtoto wa boma lile, wa miaka minne, alipita karibu na mwembe alipofungwa mbwa, akainama kuokota mfupa. Simba hakunguruma. Hakubweka. Alimng'ata shavuni.

Nyanya yake alipaka majivu, kama alivyofundishwa zamani. Mtoto akapakiwa kwenye pikipiki mpaka dispensari, dispensari haikuwa na dawa ile, akapelekwa hospitali kubwa usiku huo huo. Simba hakuwa amechanjwa hata mara moja. Sindano ya kwanza ikachomwa, halafu za kurudia, kila safari na nauli yake. Kikundi kilifungua sanduku. Zile zilikuwa pesa za tangi. Hakuna aliyenung'unika, lakini tangi lilichelewa, na mkaendelea kuchota maji mtoni msimu mzima.

Daktari alituambia mbwa asiuawe bali afungwe mahali salama na kuangaliwa siku kumi, kwa sababu mbwa aliyekuwa na ugonjwa wa kichaa katika mate yake siku aliyong'ata huonyesha dalili au kufa kabla siku kumi hazijaisha. Siku kumi zile watu wa boma lile hawakulala vizuri. Simba alikula, akanywa maji, akabaki mzima. Hakuwa na kichaa. Alikuwa tu mbwa tuliyemnyang'anya sauti yake ya kuonya. Baba wa mtoto hakutaka kumwona tena, na sisi hatukuwa na la kumwambia. Daktari wa mifugo alimmaliza kwa sindano. Mtoto yuko shule sasa, ana kovu, na akisikia mbwa akibweka hata mbali hushika nguo ya mama yake.

Ndiyo sababu tumeitisha mkutano huu. Ushauri ulitoka kwetu, na ulikuwa mbaya.

MDOMO NI MKONO WAKE

Mbwa hana mikono. Akitaka kujua kitu ni nini, anatumia mdomo. Akitaka kucheza, mdomo. Akitaka kubeba, kuita, kusukuma, mdomo. Kumwambia mtoto wa mbwa asitumie mdomo ni kama kumwambia mtoto wa mtu atembee mikono imefungwa nyuma. Kinachowezekana ni kumfundisha kuutumia polepole, ajue ngozi ya mtu ni nyepesi kuliko ya mbwa mwenzake.

Mungu mwenyewe ameweka shule hiyo mapema. Watoto wa mbwa huanza kuota meno wakiwa na wiki tatu hivi, meno 28, membamba na makali kama sindano, wakati taya zao bado hazina nguvu. Waangalieni wakicheza. Mmoja anamng'ata mwenzake sikio kwa nguvu, mwenzake analia kwa sauti na kuondoka, mchezo umekwisha. Yule aliyeng'ata anabaki peke yake akishangaa. Baada ya muda wanarudiana, naye safari hii anashika sikio polepole. Wanafanya hivyo mara mia. Mama yao naye akivutwa chuchu kwa meno anasimama na kwenda zake. Meno ya ukubwani, ambayo ni 42, huja kati ya miezi minne na saba, na hapo taya zimepata nguvu. Basi somo linatakiwa liwe limeingia kabla ya hapo. Samaki mkunje angali mbichi.

Sasa fikirini juu ya yule wa katoni sokoni. Ametolewa shuleni akiwa na wiki nne. Msichukue mtoto wa mbwa kabla hajatimiza wiki nane kwa mama yake, hata kama mwenye kuuza anasema amekwisha anza kula ugali. Kula ugali anaweza. Kupima meno yake bado.

Kuna wataalamu wawili wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, waliochunguza watoto wa mbwa kwa miaka mingi na kutoa kitabu mwaka 1965. Waliona kwamba kuanzia wiki ya tatu hadi wiki ya kumi na mbili hivi ndipo mbwa huamua nani ni wa kwao na nini si cha kuogopa. Mbwa ambaye wiki hizo hakuona watoto, wazee wenye bakora, baiskeli wala mgeni mwenye kofia, atawaogopa baadaye, na mbwa mwenye hofu ndiye mwenye haraka ya kung'ata. Sisi tulimfunga Simba wiki hizo hizo ili asizoee watu!

SHULE YA MKONO

Boma lile lilichukua mbwa mwingine, kwa shingo upande. Baba hakutaka, mama ndiye aliyetaka, kwa sababu ya mbuzi na kwa sababu hakutaka mtoto akue na hofu maisha yake yote. Watoto wakamwita Bosi. Tuliomba ruhusa tusaidie kumlea, tukaja kwa zamu kila jioni kwa miezi mitatu. Tunayowaambia leo tuliyafanya kwa mikono yetu.

Kwanza, tulihakikisha mama yake Bosi alikuwa amechanjwa. Hapa tunataka msikilize sana. Vitabu vingi vya kufundisha mbwa vimeandikwa na watu wa nchi ambazo ugonjwa wa kichaa cha mbwa umekwisha. Wao husema acha mtoto wa mbwa akung'ate mkono kidogo ajifunze. Kwetu ugonjwa huo upo. Uligunduliwa kwa mbwa karibu na Nairobi mwaka 1912 na haujatoka. Mtoto wa mbwa naye anaweza kuwa nao. Kwa hiyo mchezo wa mkono ni wa mtu mzima, asiye na kidonda wala mchubuko mkononi, na ni kwa mbwa ambaye mama yake anajulikana. Meno yakitoboa ngozi, ni sabuni na maji mara moja, na kwenda kuuliza hospitali. Watoto wasifanye shule hii.

Basi unakaa chini, unacheza naye kwa mkono. Akishika polepole, endelea. Akibana kwa nguvu, sema "Aa!" mara moja, mkono ulegee, geuza uso, acha mchezo. Usivute mkono kwa haraka, kwa maana kitu kinachokimbia hukimbizwa. Hesabu polepole mpaka ishirini, halafu rudi mchezoni. Akirudia, inuka uondoke, pita upande wa pili wa kilango, kaa huko kidogo. Wengine ukisema "Aa!" ndiyo wanazidi kuchangamka, wakidhani na wewe umekuwa mtoto wa mbwa. Kwa hao nyamaza kabisa na uondoke. Bosi alikuwa wa namna hiyo. Mmoja wetu alitumia jioni nzima kuinuka na kukaa, kuinuka na kukaa, mpaka akina mama wakasema amekuwa kama mtu katika ibada.

Wiki ya kwanza unakataza kubana kwa nguvu tu. Akishaacha hilo, unakataza kubana kwa nguvu kidogo. Halafu meno kugusa kabisa. Ian Dunbar, daktari wa mifugo Mwingereza anayefanya kazi Marekani, ndiye aliyeeneza sana njia hii ya kupunguza ngazi kwa ngazi, na maana yake ni hii: mbwa yeyote, hata mpole, siku moja anaweza kushtuka. Atakanyagwa mkia au ataamshwa usingizini na mtoto aliyemwangukia. Siku hiyo aliyejifunza kupima taya atagusa tu na kuachia. Asiyejifunza atafanya alivyofanya Simba.

Kumpiga mdomo, kumfinya midomo kwenye meno yake, kumbana chini mpaka anyamaze, yote hayo tuliyajua na tuliyafanya zamani. Yanamfundisha kwamba mkono ukija usoni kuna maumivu. Halafu siku moja mtoto ananyosha mkono ampapase. Mithali 26:17 inamfananisha anayejiingiza katika ugomvi wa wengine na mtu anayemshika mbwa masikio. Aliyeandika hivyo alikuwa amewaona mbwa kwa karibu.

Na ampate kitu cha kutafuna, maana fizi zinamwasha. Kipande cha ngozi ngumu ya ng'ombe ni kizuri, au kitambaa kizito kilichofungwa fundo na kuloweshwa maji. Mfupa mkubwa usiopikwa sawa, lakini uliopikwa hupasuka vipande vikali. Kiatu kikuukuu msimpe, kwa sababu hajui tofauti ya kikuukuu na cha Jumapili. Na gunzi la mahindi, tafadhali, hapana. Tunawatupia kila siku, na ni kitu kinachoziba utumbo wa mbwa mpaka anakufa, na wenyewe tunasema amerogwa.

KUPOKEA CHAKULA

Weka kipande kidogo cha ugali au omena mbili ndani ya ngumi. Mpe ngumi anuse. Atalamba, atakwaruza kwa mguu, atajaribu meno. Wewe nyamaza, usifungue. Kuna wakati atachoka na kurudi nyuma kidogo, au atatumia ulimi peke yake. Hapo hapo fungua kiganja kikiwa bapa, na useme "Pole." Siku tatu au nne tu, Bosi alikuwa akiona ngumi anarudi hatua moja na kungoja. Baadaye neno "Pole" peke yake lilitosha kulegeza mdomo wake. Mnaona, mbwa ana akili ya biashara. Kinacholipa anakirudia.

Sahani yake ni jambo lingine. Wazee wetu walisema umzoeze kunyang'anywa chakula ili asiwe mchoyo. Hebu fikiria wewe unakula muthokoi wako na mtu anakuja kila siku kuondoa sahani ili uzoee. Utazoea au utaanza kumngojea na uma? Tulifanya kinyume. Tulipita mbali, tukamtupia kipande kizuri kuliko alichokuwa anakula, tukaenda zetu. Siku zilizofuata tukapita karibu zaidi. Ikafika wakati akiona mtu anakuja anainua kichwa kwa furaha. Mfupa alioshika kinywani tulimwomba kwa kubadilishana, toa hicho chukua hiki, na mara nyingi tulimrudishia mfupa wenyewe. Pamoja na hayo yote, sheria ya boma lile ni kwamba mtoto hamkaribii mbwa anayekula. Hakuna mafunzo yanayofuta sheria hiyo.

GUNIA LA UTULIVU

Mdomo laini hauji kwa mbwa mwenye moyo unaorukaruka. Mtoto wa mbwa asiyelala vya kutosha anang'ata kama vile mtoto wa mtu mwenye usingizi anavyolia bila sababu. Hulala saa nyingi kuliko anazokaa macho. Kwa hiyo kama jioni amekuwa kama mwenye wazimu, anauma suruali na kukimbia duara, msimchape wala msizidi kucheza naye. Mlazeni.

Tulichukua gunia tupu la mahindi, tukalikunja mara mbili, tukalitandika kivulini. Kila Bosi alipolikanyaga, kipande cha chakula kilianguka juu yake. Hatukumwita wala kumsukuma. Alipokaa, kipande kingine. Alipolala na kuweka kidevu chini, viwili, na sauti ya chini. Tulikaa naye tukichambua maharagwe, bila kumtazama sana. Baada ya wiki mbili gunia likawa kama mto wake. Likihamishwa naye anahama. Akija mgeni, gunia linatandikwa mbali na mlango, na mbwa anakwenda huko mwenyewe, anangoja. Katika mazungumzo ya kikundi hapo bomani amelala saa mbili nzima, mkikumbuka, na mlikuwa na ugomvi wa hesabu siku hiyo!

Waswahili husema ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Kwetu sisi alitufuata mpaka kanisani, na gunia likabidi litandikwe chini ya mti huko nje. Katekista hakufurahi.

Kumpapasa mfanye polepole, chini ya kidevu na kifuani, si kupigapiga kichwa. Kilango msimfungulie akiwa anaruka. Ngojeni miguu yote minne iwe chini. Na mnyororo mfupi wa kutwa nzima uache. Mbwa aliyefungwa hawezi kuondoka anapoogopa, anabaki na njia moja tu. Wasio na ua wa kumfungia wanaweza kunyosha waya mrefu kati ya miti miwili, kamba ikateleza juu yake, kivuli kiwepo na maji yawepo. Na asubuhi mtu amtembeze.

ANAVYOSEMA

Turid Rugaas, mwanamke wa Norwei, alitazama mbwa miaka mingi akaandika jinsi wanavyosema bila sauti. Mbwa akigeuza kichwa, akilamba pua yake wakati hakuna chakula, akipiga miayo bila usingizi, anasema hapendi kinachofanyika. Watoto wakimkumbatia shingoni mara nyingi hufanya hayo yote na sisi tunasema, "Angalia anavyowapenda." Akikakamaa mwili mzima na weupe wa jicho ukaonekana, amekwisha sema na hamkusikia. Mkia kutingishika peke yake si furaha. Tazameni mwili wote kama umelegea.

Baada ya hapo ananguruma. Kunguruma ni zawadi. Ni mbwa anasema simama hapo hapo, na ana adabu ya kusema kabla ya kutenda. Akinguruma, mwondoeni mtoto, halafu mtafute kilichomsumbua. Msimchape. Fimbo haiondoi hasira, inaondoa onyo tu.

Mzee mmoja aliinua mkono hapa, akauliza, "Sasa mbwa huyu wa gunia na 'Pole' atashika mwizi?" Swali zuri, na ndilo lililotusumbua sisi wenyewe. Tulimjibu hivi. Kazi ya mbwa wa boma ni kukuamsha. Mwizi hukimbia sauti na taa na majirani. Simba alibweka usiku kucha, popo akipita, jani likianguka, mpaka mwenyewe akafunika kichwa kwa blanketi. Bosi amelala. Akibweka, baba anashika tochi. Mwezi wa Agosti mwaka uliopita alibweka saa nane za usiku na kukuta watu wawili nje ya zizi. Walitoroka bila kitu. Hakumng'ata mtu, na mbuzi wote walikuwepo asubuhi. Mzee akasema, "Hapo nimesikia," ingawa uso wake haukukubali sana.

Kwa wale wenye mbwa wakubwa waliokwisha kuwa wakali, msijaribu shule ya mkono. Hiyo ni ya wachanga. Nyinyi anzeni mbali. Mtu anapita nje ya mnyororo, anatupa kipande kizuri, anaendelea na safari yake, kila siku, bila kumsemesha. Mtoeni katika mnyororo mfupi, mpeni ua. Wengine watalegea baada ya miezi. Aliyekwisha kung'ata mtu na kutoboa, njooni tuzungumze na daktari wa mifugo pamoja, msijifiche kwa aibu.

Watoto nao wana somo lao, na tumelipeleka shule ya Jumapili. Mbwa wasiyemjua akiwajia, simama kama mti, mikono imeshuka, macho yatazame chini, kimya. Akikuangusha, jikunje kama jiwe, mikono ishike shingo na masikio. Wanalipenda kama mchezo. Lirudieni nyumbani.

MATE

Katika Injili ya Luka mbwa walilamba vidonda vya Lazaro maskini, na wengi huona hapo picha ya mbwa kuwa na huruma kuliko tajiri. Ni kweli. Lakini nyumbani kwako mbwa asilambe kidonda, maana ugonjwa wa kichaa hupita katika mate. Na hapa ndipo mafunzo yote yanafika mwisho wake. Mbwa mpole kuliko wote akipata kichaa atang'ata, na mdomo wake laini hautamsaidia mtu. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, mpole akawa mkali au mkali akawa mpole kupita kiasi, anayedondosha mate, anayeshindwa kumeza, sauti imebadilika, msimguse wala kumfungua kinywa mkidhani amekwamwa na mfupa. Ripotini.

Dawa ni chanjo ya mbwa. Serikali ilizindua mpango mwaka 2014 wa kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na hesabu yake inategemea mbwa saba kati ya kila kumi kuchanjwa. Saba kati ya kumi hawapatikani kama kila boma linaleta yule mzuri wa mbele na kuwaacha wachanga nyumbani. Wachanga waje pia. Na warudi kila mwaka.

Mtu akiumwa au hata akikwaruzwa na jino: maji yanayotiririka na sabuni, dakika kumi na tano kamili, mtu ashike saa. Si majivu, si mafuta ya taa, si pilipili, si kukamua. Kisha hospitali siku hiyo hiyo. Msingoje kuona kama mbwa atakufa, sindano zianze, na siku kumi za kumwangalia mbwa ziende sambamba. Daktari ndiye atakayesema zisimame au ziendelee. Dalili zikishaanza kwa mtu, hospitali haina la kufanya. Wengi wanaoumwa ni watoto, na mtoto mara nyingine huficha kwa kuogopa kuchapwa kwamba alimchokoza mbwa. Waambieni leo jioni kwamba hawatachapwa.

Siku ya chanjo itatangazwa kanisani na kwa chifu. Leteni mbwa kwa kamba, si waya, na mtu mzima ndiye ashike. Yule ambaye hajawahi kutoka bomani mwanzeni kumzoeza kamba wiki hii, dakika chache kila jioni, na omena mfukoni. Mwenye mbwa mkali atuarifu mapema, tutakuja na daktari mpaka kwake ili asikutanishwe na wengine kwenye foleni. Kila kikundi kilete orodha ya mbwa wa wanachama wake kwa katibu, na wa majirani wasio wanachama pia. Magunia matupu tunayo stoo, anayetaka achukue moja akitoka.